Volti 12, 24 au 240? Kuchagua umeme wa taa za kuoteshea miche ndani ya nyumba

Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kukimbia jua. Kuta nene za matumbawe na chokaa, madirisha machache, mwanga unaingilia kiwandani, yaani ule ua ulio wazi ndani ya nyumba, na kadiri unavyosogea ndani ndivyo giza linavyozidi. Kwa binadamu ni raha tupu. Kwa mche wa nyanya ni kufa polepole: unarefuka kama uzi, unapauka, unalala. Ukiupandisha juu ya paa nako jua la saa saba linaubabua, upepo wa kaskazi unauletea chumvi, na kunguru wanang'oa kilichobaki. Ndiyo sababu mimi huotesha ndani, kwa taa, halafu miche ikishapata nguvu naizoesha jua kidogo kidogo.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: ninunue taa ya volti ngapi? Na nyuma ya swali hilo huwa kuna dhana mbili. Wako wanaoamini taa ya volti 240 inatoa mwanga mkali kuliko ya volti 12. Wako wanaoamini ya 240 inamaliza tokeni za umeme haraka. Zote mbili si kweli. Wati ndizo zinazotoa mwanga, na wati ndizo zinazokula tokeni. Taa ya wati 60 ikiwaka saa 14 kwa siku inatumia yuniti 0.84, kama yuniti 25 kwa mwezi, iwe ya volti 12 au ya volti 240. Volti ni njia ya kuzifikisha hizo wati kwenye mmea, na njia ikiwa mbaya wati zinapotelea kwenye waya kabla hazijafika.

Kanuni yangu, baada ya kuunguza vitu kadhaa, ni hii: volti kubwa isafiri, volti ndogo ikae karibu na maji.

Hatua ya kwanza: jua wati unazohitaji

Kama una kiwanda kinachopata jua la moja kwa moja saa sita kwa siku, weka pesa yako mfukoni. Huhitaji taa, unahitaji wavu wa kuzuia kunguru.

Kama huna, pima rafu yako. Kwa miche na mboga za majani kama mchicha, saladi, dania, mnanaa na mrehani, taa za LED za wati 100 hadi 200 kwa kila mita moja ya mraba zinatosha. Trei moja ya sentimita 60 kwa 60 inaridhika na wati 40 hadi 60. Angalia wati zinazovutwa hasa kutoka ukutani. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwenye boksi, "wati 1000", mara nyingi si wati halisi za taa. Halisi huandikwa kwa herufi ndogo mgongoni.

Hatua ya pili: umeme wako unatoka wapi?

Huko Marekani, nyumba moja huwa na volti 120 kwenye soketi za kawaida na volti 240 kwa mashine kubwa, kwa hiyo mkulima wa ndani anachagua kati ya hizo mbili. Maandishi na video nyingi za mtandaoni zimeandikwa kwa ajili yake. Sisi hatuna 120. Soketi ya Kenya ni 240, basi. Uchaguzi wetu ni kati ya 240 ya laini na volti ndogo ya betri, 12 au 24.

Kama una mita ya tokeni, mjini Lamu au Malindi, chanzo chako ni 240 na safari ianzie hapo.

Kama uko kisiwani Manda, au shambani ambako nguzo ziko mbali, chanzo chako ni sola na betri. Hapo usikimbilie inveta. Inveta inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha mpaka 240, halafu draiva ya taa, kile kifaa kinachoipa LED umeme inaoutaka, inazishusha tena, kwa sababu LED yenyewe haitaki 240 hata kidogo. Kila ukipandisha na kushusha unapoteza. Inveta nyingi hula asilimia 10 hadi 15 ya umeme unaopita, na zinaendelea kunyonya betri kidogo hata taa ikiwa imezimwa. Kwa mtu wa sola, taa ya volti ndogo moja kwa moja kutoka betri ndiyo yenye akili, mradi hatua inayofuata uifanye kwa makini.

Hatua ya tatu: pima masafa, piga hesabu

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, na hapa ndipo nitakaa.

Wati ni volti mara ampea. Taa za wati 120 kwenye volti 12 zinavuta ampea 10. Kwenye volti 24, ampea 5. Kwenye volti 240, nusu ampea tu. Sasa waya wowote una ukinzani, yaani unauzuia umeme kidogo unapopita, na unachopoteza kwenye waya kinaongezeka kwa mraba wa ampea: ampea zikizidi mara mbili, hasara inazidi mara nne.

Tuchukue waya wa shaba wa 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5, ule mafundi wanaofungia soketi, na umbali wa mita 10 kutoka chanzo hadi rafu. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20 za waya. Kwa ampea 10, unapoteza karibu volti 1.4 njiani. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni karibu asilimia 12 ya umeme wote, na wati 14 zinageuka joto ndani ya waya. Kwenye volti 24, waya uleule, wati zilezile, unapoteza volti 0.7, ambayo ni asilimia 3 tu, na wati 3.5. Kwenye 240 unapoteza kiasi ambacho hata mita ya kupimia ya kawaida haitakuonyesha vizuri.

Hii si siri ya mafundi wa rafu. Ni sababu ileile iliyofanya umeme unaoletwa Lamu kutoka Rabai, kupitia Malindi na Garsen, uletwe kwenye laini ya volti 220,000. Wangejaribu kuuleta kwa volti ndogo, ungeishia kupasha waya moto porini.

Labda utasema, asilimia 12 si kitu. Kwa taa za utepe za volti 12 ni kitu kikubwa sana, na sababu iko ndani ya utepe wenyewe. Uangalie kwa karibu: utaona vidoti vitatu vya LED, kisha kidude cheusi kidogo cha ukinzani, halafu alama ya mkasi, halafu vitatu vingine. Kila LED nyeupe inachukua kama volti 3. Tatu zinachukua 9. Zile volti 3 zinazobaki kati ya 9 na 12 ndizo zinazoamua mkondo, yaani ampea, utakuwa kiasi gani. Ikifika 11 badala ya 12, LED bado zinadai 9 zao, na kilichobaki kimeshuka kutoka 3 hadi 2. Umepoteza volti moja kati ya 12, lakini mwanga umepungua kwa karibu theluthi nzima.

Niliitwa kwa mama mmoja mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, miche yake ya pilipili upande mmoja wa rafu ilikuwa imenyooka, upande wa pili imerefuka na kulala. Alikuwa na betri moja ya volti 12 juu karibu na paneli, waya wa mita 12 ukishuka ngazi hadi chumba cha ndani, na tepe za wati 40.

"Mwanangu, taa zile za mwisho mbovu. Nimeambiwa ninunue nyingine," aliniambia.

Niliweka mita kwenye betri: 12.4. Niliweka mwanzo wa utepe: 11.1. Ule waya ulikuwa mwembamba, wa milimita moja, wa kufungia spika. "Si taa, mama, ni waya," nikamwambia. Hakununua taa. Tuliteremsha betri hadi chini ya ngazi, mita tatu kutoka rafu, tukaweka waya wa 2.5, na kila utepe tukaulisha umeme kutoka ncha zote mbili. Waya mrefu tuliuacha upande wa paneli na kontrola, kile kifaa kinachosimamia kuchaji betri, na huko pia tuliunenepesha.

Kwa hiyo shika hivi. Betri na rafu zikiwa chini ya mita tatu na wati zisizidi 50 au 60, volti 12 inafaa. Ukizidi hapo, kwa masafa au kwa wati, nenda 24. Ukizidi mita 15, au ukitaka kujaza chumba kizima rafu, 240 ndiyo isafiri.

Kupata 24 kutoka betri, unaunganisha betri mbili za 12 kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine. Ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Betri kuukuu itaiburuta mpya hadi zife zote. Na usije ukachomoa volti 12 kutoka katikati yao kuchajia simu. Moja itakuwa inachoka peke yake, na hutajua mpaka imeharibika.

Hatua ya nne: soma mgongo wa taa kabla hujalipa

Ndugu yangu aliye ng'ambo aliwahi kuniletea taa nzuri mno, nzito, ya wati 100. Nilifurahi, nikaitafutia adapta ya plagi, nikaichomeka. Ilitoa mlio mmoja mkavu na harufu ya plastiki iliyoungua, na basi. Mgongoni, kwa herufi ambazo nilipaswa kuzisoma kwanza, iliandikwa AC 120V. Ile adapta ya plagi ilibadilisha umbo la miguu tu, volti haikuigusa.

Unachotafuta ni maneno AC 100–240V, au 100–277V. Taa yenye upana huo haitadhurika kwenye soketi yetu, na ina faida nyingine kwetu: jioni umeme unapolegea na balbu za zamani zinapofifia, draiva ya namna hiyo inaendelea kutoa mwanga uleule.

Kwa taa za betri kuna mtego wake. Betri "ya volti 12" si ya volti 12. Ikiwa imejaa na imetulia inakaa karibu 12.7, na sola inapoichaji mchana inapanda hadi 14.4. Rudi kwenye ule utepe: ikifika 14.4, kilichobaki baada ya zile 9 si 3 tena, ni 5.4. Mkondo unapanda kwa karibu asilimia 80, tepe zinapata moto, gundi inaachia, na baada ya miezi LED zinaanza kufa moja moja. Tundu la taa kwenye kontrola ya sola kwa kawaida halikulindi na hili. Linatoa volti zilezile za betri. Nunua taa iliyoandikwa DC 10–30V, ambayo ina draiva ndani, au weka kifaa cha kutuliza volti kati ya betri na utepe. Ni gharama ndogo kuliko kubadilisha tepe kila mwaka.

Hatua ya tano: maji, chumvi na moto

Unanyunyizia mimea maji. Unashika rafu ya chuma kwa mkono mbichi. Sakafu ya chokaa ina unyevu. Volti 240 katika mazingira hayo inaua, na sitaki kulizungukia neno hilo. Kama taa yenyewe ni ya 240 na inaning'inia juu ya trei, basi iwe imezibwa dhidi ya maji, yaani IP65, rafu ya chuma iwe na waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na kwenye boksi la mita kuwe na breka ya RCD ya miliampea 30, inayokata umeme mara tu unapovuja. Nyumba nyingi za zamani mjini hazina. Muulize fundi kabla ya kununua hata mbegu.

Volti 12 na 24 hazikurushi, hata mkono ukiwa umelowa. Lakini watu wanalichukulia jambo hilo kama kwamba haziwezi kudhuru, na hapo wanakosea vibaya, maana volti ndogo ina njia yake ya kuunguza nyumba. Ampea zake ni nyingi. Chukua kiungo kimoja kilicholegea, waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa selotepu, chenye ukinzani mdogo wa ohm 0.1. Zikipita ampea 10, mahali hapo, padogo kama punje ya mchele, panatoa wati 10 za joto mfululizo. Zikipita nusu ampea, joto lake halihisiki kabisa. Na dari zetu ni boriti kavu, na juu yake mara nyingi kuna makuti.

Kwa hiyo weka fyuzi karibu kabisa na chanya ya betri, sentimita 20 au chini ya hapo, si huko kwenye rafu. Taa za ampea 5, fyuzi ya 7.5. Taa za ampea 10, fyuzi ya 15, na waya usiwe chini ya 2.5. Viungo vibanwe kwa konekta za skrubu au vilehemiwe.

Chumvi nayo haina mapumziko hapa pwani. Shaba iliyo wazi huota ukijani, na ukijani ni ukinzani, na ukinzani kwenye volti 12 ni joto. Fundi wa mashine za boti ndiye mtu wa kumuuliza waya. Ule waya wa boti uliopakwa bati unadumu miaka mingi kuliko wa kawaida. Bei yake iko juu, lakini kwa mita tatu hautakufilisi. Paka mafuta ya mgando kwenye vichwa vya betri na kwenye kila konekta.

Na ukinunua waya wowote, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mwekundu ndani, hata kama juu ni mweupe wa bati, ni shaba. Ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba; ukinzani wake ni zaidi ya shaba kwa nusu nzima na zaidi, na hesabu zote za hapo juu zinavunjika.

Hatua ya sita: funga

Kwa mwenye mita ya tokeni, mpangilio ninaoupenda ni huu, nao ndio ulioko kwangu. 240 inasafiri kwenye ukuta hadi soketi iliyo juu ya kichwa, mbali na maji. Hapo kuna adapta ya volti 24, imefungwa ukutani, si juu ya rafu. Kutoka adapta, waya wa mita mbili unateremka hadi kwenye taa. Mkono wangu mbichi haukutani na chochote zaidi ya volti 24. Nyumba zenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zina bahati: kidaka cha juu kinaihifadhi adapta vizuri, mradi usikijaze vyombo ikakosa hewa.

Adapta iwe na nafasi. Taa za wati 60 kwenye 24 zinavuta ampea 2.5, nunua ya ampea 3 au 4, usinunue ya 2.5 kamili, maana itaishi maisha yake yote ikihema.

Kwa mwenye sola, taa za wati 60 kwa saa 14, pamoja na hasara, zinahitaji kama wati-saa 1,000 kwa siku. Kwa jua letu, hesabu saa tano za jua kamili, paneli ya wati 250 inabeba, ukijua kwamba siku za mawingu za masika utapunguza saa. Washa taa saa mbili asubuhi, zima saa nne usiku. Watu hushangaa nikiwaambia wawashe mchana, lakini mchana paneli inalisha taa moja kwa moja, na betri inabaki na kazi ya jioni peke yake. Betri za kawaida za risasi usizishushe chini ya nusu. Ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Zako ni 600 tu, zinazotosha saa nne za usiku na akiba kidogo ya siku ya wingu. Ukitaka 24, mbili za ampea-saa 50 ni kiasi kilekile, na kila moja ni nyepesi zaidi kwa hamali anayezipandisha kutoka gatini.

Hatua ya saba: pima taa ikiwa inawaka

Taa ikizimwa, hakuna mkondo, na pasipo mkondo waya haupotezi kitu. Ukipima wakati huo utaona 12.6 mwisho wa waya mbovu kuliko yote, uilaumu taa bure. Washa kila kitu, subiri nusu saa, kisha pima kwenye betri au adapta, halafu pima mwanzo wa taa ya mbali kabisa. Kwenye volti 12 tofauti isizidi 0.4. Kwenye 24 isizidi 0.7. Ikizidi, nenepesha waya au sogeza chanzo.

Hapo hapo, kama mfumo ni wa volti ndogo, pitisha kidole kwenye kila kiungo kuanzia betri hadi rafu. Kiungo kilicho cha moto kuliko waya wenyewe kifungue, kikwangue, kikaze upya. Kwa upande wa 240 usiguse, muachie fundi. Rudia baada ya wiki mbili, kisha kila kusi na kaskazi zinapopokezana, kwa sababu chumvi itakuwa imeshapita tena.